Kutoka Meza ya Vipimo hadi Waya wa Bajaji: Mwongozo wa Kutengeneza Kihisi cha Spintroniki Dar es Salaam

Elektroni ina chaji, na chaji hiyo ndiyo inayowasha taa na kuendesha simu. Lakini elektroni hiyohiyo ina spini pia, sifa inayoifanya iwe mithili ya kijisumaku chenye mwelekeo wake. Spintroniki ni fani inayozitumia sifa hizo mbili kwa pamoja. Mwaka 1988 kundi la Albert Fert nchini Ufaransa na kundi la Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila moja kivyake, yaligundua kwamba matabaka ya chuma na kromiamu yenye unene wa nanomita chache hubadili sana ukinzani wake wa umeme yakiwekwa kwenye uga wa sumaku. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilianza kuuza diski za kompyuta zilizosomwa kwa vichwa vilivyotokana na ugunduzi huo, na mwaka 2007 wanasayansi hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Ni nadra ugunduzi wa maabara kufika dukani baada ya miaka 9 tu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, fundi sanifu au mhandisi aliyeko Dar es Salaam anayetaka kuingia katika kazi hii kwa bajeti ndogo. Unamfikisha kwenye kifaa kimoja kinachofanya kazi, yaani kihisi kinachopima mkondo unaopita kwenye waya wa betri ya bajaji ya umeme bila kuukata waya huo. Atakayekikamilisha atakuwa amezigusa hatua zote ambazo maabara kubwa huzipitia, ingawa kwa vipimo vikubwa zaidi na kwa usahihi mdogo zaidi.

Nitangulize jambo moja, kwa kuwa linapingana na njia ambayo wengi hupitia. Mara nyingi watu huanza kwa kuandika andiko la kuomba fedha za mashine ya ombwe, yaani ya kulazia matabaka membamba ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, wakasubiri miaka, na mashine ikifika wakagundua kwamba hawana namna ya kujua kama walichokitengeneza ni kizuri au kibaya. Mimi nashauri uanze na kipimo. Meza ya vipimo inajengwa kwa mwezi mmoja au miwili, sehemu kubwa ya vitu vyake inapatikana kati ya Kariakoo na Gerezani, na itakutumikia hata siku utakapopata tando, yaani matabaka membamba sana ya metali, zilizotengenezwa kwa mashine ya mamilioni.

Hatua ya 1: Chagua badiliko la ukinzani unalolimudu

Yapo mabadiliko matatu ya ukinzani ambayo vihisi vya spintroniki huyategemea. La kwanza lilionekana mapema mno, katika miaka ya 1850, kwa jicho la William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin: katika metali ya kisumaku kama nikeli au chuma, ukinzani huwa mkubwa kidogo mkondo unapopita sambamba na mwelekeo wa usumaku, na huwa mdogo mkondo unapoukata mwelekeo huo kwa pembe mraba. Katika aloi yenye nikeli asilimia 80 na chuma asilimia 20 tofauti hiyo ni kama asilimia 2. La pili ni lile la Fert na Grünberg, linalohitaji matabaka mawili ya kisumaku yaliyotenganishwa na tabaka la metali isiyo ya kisumaku, kwa mfano shaba. La tatu hutokea pale tabaka la katikati linapokuwa kihami, kama oksidi ya magnesiamu yenye unene wa nanomita moja hivi, ambapo elektroni hupenya kana kwamba zimechimba handaki. Mwaka 2004 makundi mawili, moja Marekani na jingine Japani, yalionyesha kwamba kihami hicho hutoa mabadiliko ya karibu asilimia 200 katika joto la kawaida la chumba, na mwaka 2008 watafiti wa Japani wakafikia asilimia 604.

Asilimia 604 inavutia kuliko asilimia 2, lakini usikimbilie huko. Badiliko la kwanza linahitaji tabaka moja tu, halijali sana kama unene umekosewa kwa nanomita kadhaa, na bado linatumika viwandani hadi leo katika dira za kielektroniki na vihisi vya mzunguko wa magurudumu.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya kazi yenyewe. Waya unaopitisha ampea 10 huzalisha uga wa militesla 0.2 ukipima milimita 10 kutoka katikati yake, na utando wa aloi tuliyoitaja unausikia uga huo bila shida. Tatizo ni dunia yenyewe, kwa maana uga wake wa sumaku hapa Dar es Salaam ni kama militesla 0.03, ambao katika umbali huo ni sawa na mkondo wa ampea moja na nusu. Bajaji ikitoka Barabara ya Morogoro na kukata kona kuingia Shekilango, kihisi chako kinaweza kudhani kwamba mkondo umebadilika ilhali dereva hajagusa kitu. Dawa yake ni kuweka vihisi viwili, kimoja kila upande wa waya: uga wa waya huelekea upande mmoja kwenye kihisi cha kwanza na upande wa pili kwenye kihisi cha pili, wakati uga wa dunia huelekea upande uleule kwenye vyote viwili, hivyo ukitoa usomaji mmoja kutoka kwa mwingine dunia inafutika na waya unabaki. Uamuzi huo wa vihisi viwili uandike kwenye daftari sasa, kwa sababu utaathiri kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Suka koili za uga wa sumaku

Unahitaji uga unaoujua, unaoweza kuupandisha, kuushusha na kuugeuza. Koili za Helmholtz zinatosha: ni koili mbili zinazofanana, zilizopangwa kwenye mhimili mmoja, na umbali kati yake ni sawa na nusukipenyo cha koili moja. Mpangilio huo hufanya uga wa katikati uwe karibu sawasawa kila mahali, kiasi kwamba sampuli ikisogea milimita moja mbili hakuna kinachoharibika. Ukisuka mizunguko 200 kwa kila koili, nusukipenyo kikawa sentimita 10 na mkondo ampea 3, utapata militesla 5.4 katikati, na huo ni uga wa kutosha kabisa kuugeuza usumaku wa utando wetu.

Waya wa kutumia ni ule wa shaba uliopakwa vanishi ambao mafundi wa kusuka mota zilizoungua huuziwa kwa kilo. Wenye kipenyo cha milimita 1 utahitaji mita 126 kwa kila koili, ambazo zina uzito usiofika kilo moja na ukinzani wa kama omu 2.8. Koili mbili zikiunganishwa kwa mfululizo zitakula wati 50 kwa ampea 3, na wati hizo zote zinaishia kuwa joto. Nilipopeleka fremu zangu za mbao Gerezani ili nisukiwe, mzee aliyekuwa akinihudumia alizigeuza mikononi, akachungulia tundu la katikati.

“Mwalimu, mota gani hii isiyo na chuma ndani?”

“Haizunguki, mzee wangu. Inakaa tu inatoa sumaku.”

“Basi usiiache kwenye umeme ukaenda kula. Mota ina feni yake. Hii yako itajipika.”

Ushauri wake ni wa kufuatwa: washa koili kwa dakika chache, zima, ziache zipoe. Jambo la pili linalotokana na joto hilo ni kwamba ukinzani wa shaba hupanda kadiri inavyopata moto, kwa hiyo ukishikilia volteji mkondo utashuka wenyewe na uga wako utashuka nao. Tumia chanzo cha umeme kinachoshikilia mkondo. Fremu iwe ya mbao au plastiki, skrubu ziwe za plastiki au aluminiamu, na meza isiwe ya chuma. Nimewahi kuona koili nzuri zikiharibiwa na miguu ya meza.

Kuujua uga wenyewe hakuhitaji kifaa cha bei. Nunua moduli ya dira ya kielektroniki inayotumika na Arduino, ule ubao mdogo wa kielektroniki unaopangiwa programu. Nyingi zimeandikwa HMC5883L, ambayo huishia militesla 0.8, lakini mara nyingi kitu kilicho ndani ni chipu ya kampuni nyingine yenye jina linalofanana, QMC5883L. Utaitambua kwa anwani yake, kwa kuwa ya kwanza hujibu kwenye 0x1E na ya pili kwenye 0x0D, na programu ya moja haiisomi nyingine. Pima uga wa koili kwa mikondo midogo, kuanzia ampea sifuri hadi 0.4, chora mstari, kisha uurefushe kwa rula hadi ampea 3. Unaruhusiwa kufanya hivyo kwa sababu ndani ya koili hakuna chuma, na koili isiyo na chuma haina namna ya kuupinda mstari huo. Na kumbuka kwamba moduli unayopimia nayo ina utando wa aina ileile na ule unaotaka kuutengeneza.

Hatua ya 3: Jenga mzunguko wa kupimia, kisha ujaribu kuushtaki

Utando hupimwa kwa migusano minne: miwili ya nje hupitisha mkondo, miwili ya ndani husoma volteji. Kwa njia hiyo ukinzani wa nyaya na wa migusano yenyewe hauingii kwenye hesabu. Kigeuzi cha volteji kuwa namba, cha biti 16 na chenye kipimo cha milivolti 256 husoma hatua za karibu mikrovolti 8, na hicho kinatosha kwa kuanzia. Kwa kila usomaji, pitisha mkondo upande mmoja, usome, ugeuze, usome tena, kisha uchukue nusu ya tofauti. Hivyo utazifuta volteji ndogo zinazozaliwa pale metali mbili tofauti zinapogusana katika joto tofauti.

Adui mkubwa ni joto la chumba. Ukinzani wa aloi ya nikeli na chuma hupanda kwa takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, wakati ishara unayoitafuta yote kwa jumla ni asilimia 2 au chini yake. Nilipoteza wiki tatu nikifurahia mchoro wenye mawimbi mazuri yaliyojirudia kila baada ya muda uleule, nikaanza hata kuandika maelezo yake, mpaka siku umeme ulipokatika na mimi nikaendelea kupima kwa betri: mawimbi yakatoweka, kwa sababu kiyoyozi nacho kilikuwa kimezimika. Kilichokuwa kikichorwa ni kuwaka na kuzima kwa kiyoyozi. Tangu hapo sampuli zangu hukaa ndani ya boksi la thermos la kubebea samaki, na kipimajoto kinaandika pembeni ya kila usomaji.

Kabla ya kuweka utando wowote wa kisumaku, fanya majaribio mawili ya kuushtaki mzunguko. La kwanza, weka kipande chembamba cha shaba tupu. Ukinzani wake haupaswi kubadilika hata kidogo uga unapopanda na kushuka, na ukibadilika basi kuna waya unaotikisika au unaopashwa moto na koili. La pili litangoja utando halisi: pima uga ukiwa sambamba na mkondo, kisha zungusha sampuli nyuzi 90 upime tena. Katika mkao wa kwanza ukinzani utaishia juu, katika wa pili utaishia chini. Joto haliwezi kukufanyia mchezo huo wa kugeuza alama, ndiyo maana jaribio hili linastahili kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yoyote.

Hatua ya 4: Iga kwenye kompyuta, ila kwa kiasi

Programu ya OOMMF kutoka NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, hutolewa bure, huendeshwa hata na kompyuta mpakato ya kawaida, na hukuonyesha jinsi usumaku unavyogeuka ndani ya umbo dogo. Kwa aloi yetu weka usumaku wa kilele wa ampea 800,000 kwa mita, na vijisanduku vya hesabu visizidi nanomita 5. Kabla ya kuamini chochote, endesha kwanza tatizo la kupimia namba 4 la NIST, lenye kipande cha nanomita 500 kwa 125 kwa 3, ulinganishe majibu yako na yaliyochapishwa. Anayetaka kushuka hadi kwenye elektroni zenyewe anayo programu ya Quantum ESPRESSO, nayo ni ya bure. Jaribio la kuanzia ni chuma, ambacho kila atomu yake inapaswa kutoa magnetoni za Bohr 2.2, kipimo cha usumaku wa atomu moja moja. Sikushauri ukae hapa zaidi ya wiki mbili.

Hatua ya 5: Tengeneza utando wa kwanza kwa kuchovya

Sote tunajua mkufu wa kuchovya: metali ya thamani imelazwa juu ya metali ya bei rahisi kwa msaada wa umeme. Utando wetu wa kwanza utalazwa kwa njia hiyohiyo, na njia hii si ya kudharauliwa, kwani mwaka 1993 watafiti wa Bristol, Uingereza, na wenzao walionyesha kwamba hata matabaka ya nanomita chache yenye badiliko la Fert na Grünberg yanaweza kupatikana ndani ya beseni la kimiminika.

Chukua kioo chenye utando wa oksidi ya indiamu na bati, kile kinachotumika kwenye skrini za kugusa, kisha fundi wa vioo akukatie vipande vya upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 25. Usilaze aloi juu ya kipande cha shaba, kwa sababu wakati wa kupima mkondo wote utapita kwenye shaba na utando hautasikika. Kioo hiki hupitisha umeme vya kutosha kuchovya, lakini aloi yenye unene wa nanomita 500 hupitisha vizuri zaidi yake mara 20 au 30, hivyo wizi wa mkondo unabaki mdogo.

Beseni lina salfeti ya nikeli kwa wingi, salfeti ya chuma kidogo sana, asidi ya boriki ya kutuliza uchachu, na sakarini chembe chache za kupunguza mkazo ndani ya utando. Chuma kiwe kidogo kwa sababu huruka foleni: ingawa ayoni za nikeli ni nyingi kuliko zake, chuma hujilaza kwa kasi kuliko sehemu yake kwenye kimiminika. Uchachu uwe karibu pH 3. Beseni jipya ni la kijani safi; likianza kugeuka rangi ya kutu, chuma chake kimeoksidika na utando utakaotoka hautakuwa na uwiano unaoutaka. Litengeneze upya.

Unene unajulikana kwa kuhesabu chaji. Kila nanomita moja juu ya sentimita mraba moja inahitaji milikulombu 2.9, kwa hiyo mkondo wa miliampea 5 kwa sentimita mraba utakupa nanomita 500 kwa dakika 5 hivi, pungufu kidogo kwa sababu sehemu ya chaji hupotea kwa kutoa mapovu ya haidrojeni. Tazama kipande wakati wa kuchovya: weusi wa kijivu huanzia karibu na kibanio, ambako volteji ina nguvu zaidi, halafu hushuka taratibu kuelekea ncha ya chini. Ukiona ncha ya chini bado inapitisha mwanga baada ya dakika mbili, mkondo wako ni mkubwa mno kwa kioo hicho. Mapovu yaking'ang'ania, gongagonga kibanio kwa penseli.

Uwiano wa 80 kwa 20 haukuchaguliwa kwa urembo. Karibu na hapo aloi huacha kuvutika au kujikunja inapopata usumaku, hivyo utando haubadili tabia yake kila kioo kinapopinda au kupata joto. Kuupima uwiano wenyewe si lazima kuusafirisha ng'ambo: mashine za eksirei zinazotumiwa na wanunuzi wa dhahabu hapa mjini zinaweza kusoma nikeli na chuma pia, mradi tu upime kwanza kioo kitupu, maana vioo vina chuma chake kidogo.

Chumvi hizi ni sumu. Kemikali za viwandani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na usajili wake ufanywe kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kukwama bandarini. Mabaki ya beseni yakusanywe kwenye dumu lenye lebo. Yakimwagwa kwenye sinki yataishia Mto Msimbazi, na kuna watu wanaolima mboga kando yake. Nikeli yenyewe, kwa njia, tunayo: huko Kabanga, wilayani Ngara, imelala pamoja na shaba na kobalti, karibu orodha nzima ya mahitaji ya maabara yetu, ingawa chupa utakayoifungua itakuwa imetoka ng'ambo.

Utando ukitoka, usafishe kwa maji yaliyotoneshwa, ukaushe, uufungie kwenye chombo chenye jeli ya silika siku hiyohiyo. Hewa ya mji huu ina unyevu na chumvi ya bahari, na sampuli iliyoachwa usiku kucha karibu na dirisha linalotazama Kigamboni si sampuli ile uliyoiacha.

Hatua ya 6: Fanya kihisi kiseme kwa mstari ulionyooka

Utando ulioupima hadi sasa una kasoro kama kihisi: ukinzani wake hubadilika kwa njia ileile uga ukienda kushoto au kulia, hivyo hujui mkondo wa bajaji unatoka kwenye betri au unarudi. Ufumbuzi wa viwandani ni wa werevu. Juu ya utando hulazwa mistari ya mshazari ya metali inayopitisha umeme vizuri sana, kwa pembe ya nyuzi 45. Mkondo huivuka mistari hiyo kwa njia fupi, kwa hiyo ndani ya utando hupita kimshazari, na badiliko la ukinzani huwa na upande wa kuongezeka na upande wa kupungua. Kwa mkono unaweza kulaza mistari hiyo kwa kuchovya shaba kupitia filamu ya mwanga inayotumiwa kutengenezea sakiti, ukiwa na michoro iliyochapwa kwenye karatasi angavu. Mistari ya upana wa mikromita 100 inawezekana bila chumba safi; chini ya hapo vumbi linashinda.

Kwa kila kihisi tengeneza vipande vinne, viwili vikiwa na mshazari wa upande mmoja na viwili wa upande mwingine, uviunganishe kuwa daraja la Wheatstone, yaani mzunguko wa vikinzani vinne unaotoa volteji pale tu vinapopishana. Sasa joto likipanda vyote vinne hupanda pamoja na daraja halitoki kwenye sifuri, na lile boksi la samaki linaweza kurudi kazini kwake.

Hatua ya 7: Pale ombwe linapokuwa la lazima

Kuna mambo ambayo beseni haliwezi. Kihisi au kumbukumbu ya kompyuta yenye handaki la oksidi ya magnesiamu inahitaji mashine ya sputaringi, ambamo ayoni za argoni huzigonga bamba za metali na kuzirusha atomu zake kwenye sampuli, ndani ya ombwe safi kiasi kwamba molekuli za maji hazipati nafasi ya kuingilia. Hapa mashirikiano ni bora kuliko ununuzi. Mwenye mashine popote duniani hupokea maombi mengi yasiyo na chochote mkononi. Wewe unapeleka vipimo vyako, mchoro wa kifaa unachokitaka, na meza iliyo tayari kuzipokea sampuli.

Ukipata nafasi ya kukaa kwenye mashine hiyo, zingatia mambo matatu. Bamba la aloi ya kisumaku liwe jembamba, la milimita 1 au 2, kwa sababu nene humeza uga wa sumaku unaoshikilia plazma, ile gesi iliyojaa ayoni, na mashine hukataa kuwaka. Weka sumaku mbili ndogo pande mbili za sampuli wakati wa kulaza, ili usumaku uwe na mwelekeo unaoupenda tangu kuzaliwa kwake. Na funika kila kitu kwa nanomita 3 au zaidi za tantalamu au ruteniamu, ukikumbuka kwamba sampuli hiyo itasafiri kuja kwenye hewa ya pwani. Matabaka ya kobalti, chuma na boroni yanayoizunguka oksidi ya magnesiamu hupikwa baadaye kwenye nyuzi 300 au zaidi za Selsiasi, ili boroni itoke na fuwele zijipange kufuata fuwele za oksidi. Usiporuhusiwa kupika huko, usiseme umetengeneza handaki. Zikifika Dar es Salaam, jifunge waya wa ardhini mkononi kabla ya kuzigusa. Kihami cha nanomita moja hutobolewa na volti moja au zaidi kidogo.

Hatua ya 8: Peleka kihisi kwenye bajaji

Funga madaraja mawili kwenye kipande cha plastiki chenye tundu la kupitishia waya, moja kila upande, umbali wa milimita 10 kutoka katikati ya waya. Yasawazishe kwa kutumia kipande cha ukinzani sahihi na mita iliyothibitishwa. Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, lina maabara ya vipimo, na cheti cha mita yako ndicho kitu cha kwanza ambacho mnunuzi wa kiwandani atakiulizia. Kisha zima mkondo kabisa na uangalie sifuri inakaa wapi, kwa maana kihisi huhukumiwa kwa sifuri yake kuliko kwa kilele chake.

Sekta ya elektroniki hutumia jaribio la nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, na sanduku la joto lenye beseni la maji linaweza kukaribia hali hiyo bila mashine maalumu. Lifanye kabla ya kumkabidhi dereva kifaa. Kama kuna jambo jipya katika umbo au katika matabaka yako, wasilisha maombi ya hataza BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kabla ya kulizungumzia kwenye warsha yoyote. Tanzania ni mwanachama wa ARIPO pia, shirika la kikanda la miliki bunifu Afrika, kwa anayetaka ulinzi uvuke mpaka.

Kwenye bajaji yenyewe, acha kihisi kirekodi kwa wiki nne pamoja na joto la betri, na mwombe dereva akuandikie kila siku alipoegesha usiku. Sifuri isome kila asubuhi kabla gari halijawashwa. Ikihama pamoja na joto, rudi kwenye daraja na uangalie kama vipande vinne vina unene sawa. Ikihama kuelekea upande mmoja tu, polepole, na zaidi kwa bajaji inayolala karibu na ufukwe kuliko ile inayolala Kimara, fungua gundi ya kifuniko: kwenye ukingo wa utando utakuta mstari wa kahawia usiozidi upana wa unywele, na hapo ndipo chumvi ilipoingilia.